Unataka Kusoma Nini?

 

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya samadi. Nilieleza namna ya kuiozesha na wakati wa kuipeleka shambani. Mwezi huu nitaweka jembe chini kidogo. Nataka tuzungumze juu ya hamu ya kusoma. Hamu hiyo inatoka wapi? Na ikipotea, mtu anaipataje tena?

Labda utasema, "Bwana shamba, hiyo ni kazi ya mwalimu." Ni kweli. Lakini mimi natembea mashambani kila siku, na naona mambo ambayo mwalimu haoni. Namwona mtu aliyepata cheti cha kisomo miaka mitatu iliyopita. Leo ananipa mfuko wa mbegu ili nimsomee. Herufi alizijua, tena alizijua vizuri. Lakini hakuzitumia. Zikashika kutu kama panga lililosahauliwa nje wakati wa mvua.

Wewe unayesoma mstari huu umekwisha kufanya kazi kubwa. Ulianza na a, e, i, o, u. Sasa unasoma gazeti. Lakini mto huu mtu anaweza kuuvuka, kisha akarudishwa na maji. Ndiyo sababu ya mazungumzo yetu ya leo.

Tunapofungua darasa la kisomo, huwa tunatoa hotuba. Mimi pia nimewahi kutoa hotuba hizo. Tunasema elimu ni ufunguo wa maisha. Watu wanapiga makofi. Akina mama wanapiga vigelegele. Wiki ya kwanza darasa linajaa. Kukaribia mavuno, mwalimu anabaki na watu wanne na mbuzi mmoja mlangoni.

Maneno yale si uongo. Lakini mtu mzima ana shamba, ana watoto, ana mifugo, ana misiba ya jirani. Ukimwambia elimu ni ufunguo, moyoni anajiuliza, ni ufunguo wa mlango gani? Kama hajauona mlango, ufunguo ni chuma tu mfukoni.

Nitakueleza namna nilivyojifunza jambo hili. Halinipi sifa, lakini nitalieleza.

CHUPA MBILI

Viwavijeshi vamizi waliingia nchini Tanzania mwaka 2017. Wengi wenu mnawafahamu. Wanaingia kwenye moyo wa mhindi na kula usiku na mchana. Katika kijiji ninachofanya kazi, mkoani Geita, kuna mzee mmoja ambaye shamba lake lilivamiwa. Mahindi yake yalikuwa yamefika magotini. Alikuja kwangu akaniomba dawa.

Nilikuwa na haraka. Nilijua hajui kusoma. Kwa hiyo sikumwandikia jina la dawa. Nilimwambia, "Mzee, nenda duka la pembejeo. Ulizia ile chupa nyeupe yenye kifuniko chekundu." Nilidhani nimemrahisishia kazi.

Alikwenda. Mwenye duka hakuwepo, alikuwepo kijana wake. Kwenye rafu kulikuwa na chupa nyeupe mbili zenye vifuniko vyekundu. Moja ilikuwa dawa ya kuua wadudu. Ya pili ilikuwa dawa ya kuua magugu. Mzee alionyesha kwa kidole, akalipa, akaondoka.

Kesho yake alfajiri alijaza bomba la mgongoni. Alinyunyiza kwa uangalifu, mhindi mmoja mmoja, kwenye moyo kabisa, kama nilivyomfundisha. Alimaliza ekari moja na robo kabla jua halijapanda.

Utauliza, je, hakuwa na mtoto wa shule wa kumsomea? Alikuwa naye. Lakini saa ile mtoto alikuwa bado amelala. Na mzee hakuona sababu ya kumwamsha, maana bwana shamba alikwisha kusema kifuniko chekundu.

Dawa ya magugu ya aina ile haiui siku hiyo hiyo. Siku ya kwanza mahindi yalikuwa mazima. Siku ya tano moyo wa mhindi ulianza kuwa manjano. Siku ya sita mzee alikuja nyumbani kwangu na chupa mkononi. Hakunigombeza. Alinipa chupa, akaweka kidole juu ya maandishi, akauliza, "Hapa pameandikwa nini?"

Nikasoma, "Dawa ya kuua magugu."

Alikaa kimya. Kisha akasema, "Kwa hiyo maneno yalikuwepo."

Nikamjibu, "Ndiyo, mzee. Yalikuwepo."

Msimu ule hakuvuna mahindi kwenye ekari ile. Mvua ilikuwa imebaki kidogo. Alipanda viazi vitamu, vikasaidia. Mimi nilimpelekea debe mbili za mahindi. Hazikutosha, na nilijua hazitatosha. Wapo waliosema kosa ni la kijana wa dukani. Mimi nasema kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilimpa mtu mzima rangi badala ya neno.

Juu ya rangi, niseme jambo moja, kwa sababu watu wengi wanakosea hapo. Kwenye karatasi ya chupa ya dawa, chini, kuna mstari wa rangi. Mstari huo unaonyesha ukali wa sumu kwa mtu. Nyekundu ni sumu kali sana. Manjano inafuata. Kisha bluu, na mwisho kijani. Lakini rangi hiyo haikuambii kama dawa ni ya wadudu au ya magugu. Hata kijani bado ni sumu, na inaweza kuwa sumu ya mahindi yako. Na rangi ya kifuniko haina maana yoyote. Ni maneno tu yanayokuambia dawa ni ya nini.

Baada ya wiki mbili mzee alikuja tena. Aliniuliza darasa la watu wazima linakutana siku gani. Alikuwa na miaka hamsini na kitu. Hotuba zangu alikwisha kuzisikia mara nyingi, na alipiga makofi kama wengine. Hazikumpeleka darasani. Kilichompeleka ni ekari moja na robo.

NENO LA KWANZA

Darasa lilikuwa linakutana shule ya msingi, jioni, mara tatu kwa wiki. Mwalimu ni binti wa kijiji, mwenye subira kuliko mimi. Alimwuliza mzee, "Baba, unataka kusoma nini?"

Watu wengi wakiulizwa hivyo husema, "Nataka kujua kusoma na kuandika." Mzee hakusema hivyo. Alisema, "Nataka kusoma chupa."

Basi tukafanya hivyo. Sikuleta chupa darasani, maana chupa ya sumu haina mahali pake kwenye darasa, hata ikiwa tupu. Nilinakili maneno kwenye karatasi kubwa. SUMU. MAGUGU. WADUDU. LITA. MILILITA. SIKU ZA KUSUBIRI KABLA YA KUVUNA. Neno la kwanza ambalo mzee alilisoma peke yake ni "sumu". Lina silabi mbili tu, su na mu. Kisha akagundua kwamba "mu" ile ile imo ndani ya "kumuua", na "gu" imo mara mbili ndani ya "magugu". Alicheka kwa sauti. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba tangu siku ile hakukosa darasa, isipokuwa siku za mazishi.

Katika darasa hilo hilo kulikuwa na mama mmoja, mjane. Mtoto wake anafanya kazi mjini na anamtumia pesa kwa simu. Kila pesa ilipoingia, mama alimpa simu kijana wa jirani ili amsomee ujumbe. Pia alimpa namba ya siri ili amtolee pesa. Hakuwa na namna nyingine. Siku moja mtoto alimpigia akasema, "Mama, elfu hamsini umepata?" Mama alikuwa amepokea elfu thelathini.

Mwalimu alipomwuliza anataka kusoma nini, mama alisema, "Nataka kusoma simu yangu, ili namba yangu iwe ya siri kweli."

Alianza na tarakimu. Kwanza sifuri, kwa sababu sifuri moja inatofautisha elfu tano na elfu hamsini. Kisha maneno "umepokea" na "salio". Alipoweza hayo, alibadilisha namba yake ya siri. Hakumgombeza kijana wa jirani, wala hakumshtaki. Alibadilisha namba tu. Aliniambia, "Mwanangu, usiku ule nililala."

Msomaji, angalia mambo haya mawili. Mmoja alitaka kusoma chupa, mwingine alitaka kusoma simu. Hakuna aliyetaka "elimu" tu. Kila mmoja alikuwa na kitu kimoja, anakijua kwa jina, na kinamuuma. Darasani tulianza zaidi ya ishirini. Wengi waliondoka. Ukiwatazama waliobaki, kila mmoja alikuwa na kitu chake.

JAMBO HILI SI JIPYA

Wazee wetu waliligundua zamani. Mwaka 1967, watu wazima wengi wa Tanzania walikuwa hawajui kusoma, zaidi ya 60 kati ya 100. Mwaka 1968 ulianzishwa mpango wa majaribio kando ya Ziwa Victoria, makao yake makuu yakiwa Mwanza, kwa msaada wa UNESCO. Vitabu vya mpango huo havikuanza na mambo ya mbali. Mkulima wa pamba alipewa kitabu cha pamba. Mvuvi alipewa kitabu cha uvuvi. Watu wa migomba walipewa kitabu cha migomba, na wafugaji kitabu cha ng'ombe. Mtu alijifunza herufi na kazi yake kwa pamoja. Kilikuwa kisomo chenye manufaa.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mpango wa vitabu vya kazi ukaenea nchi nzima. Watu walisoma chini ya miembe, kwenye maghala na makanisani. Mwaka 1986 ilihesabiwa kwamba wasiojua kusoma wamebaki wapatao 10 tu kati ya watu wazima 100.

Lakini katika sensa ya mwaka 2012, wasiojua kusoma walikuwa zaidi ya 20 kati ya 100. Walirudi kutoka wapi? Baadhi ni watoto waliokosa shule, wakakua. Na naamini wengine ni wale waliojua wakasahau, kwa sababu vijijini hakukuwa na cha kusoma. Ndiyo maana sichoki kuuliza swali langu. Baada ya cheti, unataka kusoma nini?

MZEE WA MIAKA 84

Sasa twende Kenya, kwa majirani zetu. Yupo mzee mmoja ambaye habari zake zilizunguka dunia nzima. Jina lake ni Kimani Maruge. Alikuwa amepigana vita vya Mau Mau dhidi ya wakoloni wa Kiingereza. Utotoni hakupata nafasi ya kusoma.

Mwaka 2003 serikali ya Kenya iliondoa ada katika shule za msingi. Ikasema kila mtoto aende shule. Maruge alisikia. Mwezi Januari mwaka 2004 alikwenda Shule ya Msingi Kapkenduiywo, mjini Eldoret, akaomba kuingia darasa la kwanza. Kwa hesabu yake alikuwa na miaka 84. Wajukuu zake wawili walikuwa wanasoma shule hiyo hiyo.

Alivaa sare ya shule. Alivaa kaptura na soksi ndefu kama mtoto, akakaa dawatini na fimbo yake kando. Unaweza kufikiri watu walisema nini. Lakini mwalimu mkuu, mama Jane Obinchu, alimpokea.

Je, Maruge alikuwa na hamu gani kubwa hivyo, mpaka aone haya na bado aende? Alikuwa na vitu viwili. Kwanza, alitaka kusoma Biblia mwenyewe, kwa sababu alishuku kwamba mhubiri hasomi yaliyoandikwa. Pili, alisikia kwamba wapiganaji wa Mau Mau huenda watalipwa fidia. Alitaka kuihesabu mwenyewe, asipunjwe.

Biblia na pesa. Vitu viwili, anavijua kwa jina. Unaona, msomaji? Ni kama yule mzee wa chupa na yule mama wa simu.

Mwaka 2005 Maruge alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani. Alikwenda New York, Marekani, kwenye Umoja wa Mataifa, kusema juu ya umuhimu wa shule za msingi za bure. Lakini mimi sipendi sana sehemu hiyo ya habari zake. Ndege ni kitu cha siku moja. Napenda zaidi yaliyotokea mwaka 2008. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, watu walipigana. Mali ya Maruge iliibwa. Alikwenda kuishi kambini, kwenye hema, na watu wengine waliofukuzwa. Kambi ilikuwa mbali kidogo na shule, kama kilomita nne. Alikuwa mzee wa karibu miaka 90, na hana kitu. Bado aliendelea kwenda shule.

Baadaye alihamia Nairobi, kwenye nyumba ya wazee. Huko pia alitafuta shule, akaingia darasa la sita. Alifariki mwezi Agosti mwaka 2009. Shule ya msingi hakuimaliza. Lakini mtu aliyeanza na miaka 84 akiwa hajui herufi, alifika darasa la sita.

KARATASI YA BABA

Wengine mtasema, "Bwana shamba, wewe ulisoma, kwako ilikuwa rahisi." Haikuwa rahisi. Nitawaambia.

Baba yangu alilima pamba huko Kwimba. Mwaka 1992 nilikuwa darasa la nne. Tulipeleka pamba kwenye mzani. Karani alitamka kwa sauti, "Themanini na nne!" Akaandika stakabadhi, akampa baba. Siku hizo pesa hazikutolewa papo hapo. Ulirudi na karatasi siku ya malipo.

Njiani baba alinipa karatasi. "Soma," akasema.

Nilisoma. Niliona 4, kisha 8. Nikasema, "Arobaini na nane."

Baba akasimama. "Karani alisema themanini na nne. Tazama tena."

Nilitazama tena. Ilikuwa 48. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi na moja. Karani alikuwa mtu mzima mwenye kalamu mbili mfukoni. Nilidhani mimi ndiye niliyekosea. Nikaona haya. Nikasema, "Ndiyo, baba. Ni themanini na nne."

Siku ya malipo baba alilipwa kilo 48. Alirudi nyumbani jioni, akakaa kwenye kigoda. Sikujua kama atanipiga. Aliniambia, "Kumbe ulisoma sawasawa."

Hakusema zaidi. Lakini maneno yale yalinikaa. Tangu siku ile nilisoma kila karatasi iliyopita mbele yangu. Nilisoma magazeti yaliyofungia sukari. Nilisoma tarehe za kwenye makopo. Sikutaka tena kusoma sawasawa kisha nikaogopa.

Hata hivyo, nilipomaliza darasa la saba sikuchaguliwa. Miaka hiyo nafasi za kidato cha kwanza zilikuwa chache. Nilichunga ng'ombe miaka mitatu. Kisha nikasikia kwamba mtu anaweza kusoma nje ya shule. Unasoma, unafanya Mtihani wa Maarifa, ule ambao watu wanauita QT. Ukifaulu, unafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilipita njia hiyo. Nilianguka mara moja katika hesabu, nikarudia. Kisha nikaingia chuo cha kilimo na kupata cheti. Sina shahada. Nina cheti hicho, pikipiki ya kazi na viatu vya mvua.

Njia hiyo ya QT ipo hata leo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inasaidia watu wanaoifuata. Ukitaka kujua, mwulize Afisa Elimu Kata. Usione aibu kuuliza. Ni kazi yake kukujibu.

Nina neno kwa mabinti pia. Yule mama mjane alikuwa anakuja darasani na mjukuu mgongoni. Baada ya muda binti yake, mama wa mtoto huyo, alianza kumsindikiza. Alikuwa ameacha kidato cha pili kwa sababu ya ujauzito. Alikaa nyuma akimsaidia mama yake kusoma. Mwalimu alimweleza kwamba mwezi Novemba mwaka 2021 serikali iliruhusu mabinti waliojifungua kurudi shuleni. Alikuwa hajasikia. Sasa anasoma. Usiku bibi anamlea mtoto, na binti anafanya kazi zake za shule kwenye taa ile ile ambayo bibi anasomea ujumbe wa simu. Kama una binti wa namna hiyo nyumbani, mwambie. Huenda naye hajasikia.

ANZA NA DAFTARI

Sasa wewe. Labda huna chupa wala stakabadhi inayokuuma. Unajua kusoma, lakini hamu imepungua. Mimi ni bwana shamba, kwa hiyo nitakupa dawa ya bwana shamba. Nunua daftari moja dogo na kalamu moja. Liite daftari la shamba.

Siku unayopanda, andika tarehe. Andika mbegu gani, na kilo ngapi. Siku ya palizi, andika ni watu wangapi walilima na uliwalipa nini. Mvua ikinyesha, andika. Ukinunua mbolea, andika bei. Siku ya mavuno, andika magunia. Mistari miwili au mitatu inatosha. Andika kabla ya kulala, maana asubuhi umesahau.

Mwanzoni utaona kama mchezo wa watoto. Subiri mwaka wa pili. Mwaka wa pili utafungua nyuma na kuona kwamba ulipopanda wiki ya kwanza ya mvua ulipata magunia kumi na moja, na ulipochelewa wiki tatu ulipata sita. Hakuna bwana shamba aliyekuambia. Umejiambia mwenyewe, kwa mkono wako. Mtu akiisha kusoma jambo la namna hiyo katika daftari lake, haombi tena kubembelezwa kusoma.

Na usingoje mwandiko uwe mzuri. Mwandiko wangu mwenyewe ni mbaya. Mwalimu wetu wa kisomo ananicheka kila mwezi.

Mzee wa chupa analo daftari. Analifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuliweka darini. Msimu uliopita viwavijeshi walirudi, na tulikwenda naye dukani pamoja. Safari hii mwenye duka alikuwepo. Mzee alichukua chupa akaigeuza. Alisoma kwa sauti, polepole, kidole kikitembea chini ya maneno. Watu wawili nyuma yetu walianza kuguna kwa sababu ya foleni. Hakuwatazama.

Mimi, kwa mazoea yangu, nikamwambia, "Mzee, weka mililita 20 kwa bomba."

Akasema, "Ngoja." Akasoma tena. "Hapa pameandikwa mililita 20 kwa lita 15 za maji. Bomba langu ni la lita 20."

Nikasema hakuna tofauti kubwa.

Akasema, "Ipo. Soma."

Nilisoma. Alikuwa sawa. Tulipiga hesabu pale pale juu ya meza ya duka, tukapata karibu mililita 27. (Msomaji, usitumie namba hizi kwa dawa yako. Kila dawa ina kipimo chake, kimeandikwa kwenye chupa.) Mzee aliandika 27 kwenye daftari lake, akaweka mstari chini yake, akalipa.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kukausha mahindi na kuyaweka ghalani ili yasipate kuvu. Kama umeanza daftari lako, andika ndani yake magunia uliyopata mwaka huu. Tutayahitaji katika hesabu ya ghala.